Kuchagua mahali pa kupiga kambi ya familia kwenye misitu ya Dodoma na mikoa jirani

Familia inayoishi Dodoma na kutaka kulala msituni siku mbili tatu haina shida ya kukosa pa kwenda, kwa kuwa ndani ya mwendo wa nusu siku kuna miombo ya Kondoa, milima ya Mpwapwa, misitu ya vijiji huko Singida na Babati, na vichaka visivyo na mwisho vinavyoanza nje kidogo tu ya mji. Shida ni kwamba Kanda ya Kati ina misimu miwili isiyofanana hata kidogo, na mahali panapofaa kabisa mwezi wa Juni panaweza kuwa mkondo wa maji mwezi wa Desemba. Mwongozo huu unahusu kazi moja, yaani kuchagua mahali pa kusimamisha mahema, na umepangwa kwa kufuata mfuatano ambao kazi hiyo hufanywa. Habari za mapishi, michezo na vifaa zimeguswa pale tu zinapobadilisha uchaguzi wenyewe.

Hatua ya kwanza: panga tarehe kabla ya kupanga mahali

Wengi huanza kwa kuona picha ya mahali pazuri, kisha wakatafuta siku za kwenda. Kwa Dodoma ni afadhali kugeuza utaratibu huo. Mvua za huku ni za msimu mmoja: huanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba na kukoma Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kati ya milimita 550 na 600 hivi. Kiasi hicho ni kidogo, lakini huja kwa kishindo. Mvua kubwa ya saa moja hunyesha juu ya ardhi iliyokauka na kushikamana, na sehemu kubwa ya maji, badala ya kuzama, hukimbilia makorongoni.

Likizo mbili ndefu za shule zinaangukia pande mbili za kalenda hiyo. Likizo ya katikati ya mwaka, inayochukua Juni na siku za mwanzo za Julai, huikuta ardhi ikiwa kavu, njia za vijijini zikipitika hata kwa gari dogo, na mbu wakiwa wamepungua. Adha zake ni baridi ya usiku, ambayo Dodoma mjini hushuka hadi karibu nyuzi 13 au 14 na milimani hushuka zaidi, pamoja na upepo wa mashariki na kusini-mashariki unaovuma bila kuchoka. Likizo ya Desemba huikuta nchi ikiwa imechanua na kupendeza, lakini ndiyo yenye radi, njia za utelezi na mito inayojaa kwa muda mfupi, tena nyoka, nge na tandu huonekana zaidi wakati huo. Maoni yangu ni kwamba familia yenye watoto wadogo, au ambayo haijawahi kulala msituni, ianze na Juni. Kama ni lazima iwe Desemba, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usomwe kwa wilaya unayokwenda na pia kwa zile zilizo juu yake kimwinuko, kwa sababu ambayo itaelezwa mbele.

Septemba na Oktoba zina uzuri wake, kwa kuwa miombo hutoa majani machanga yenye wekundu kabla hata tone la mvua halijaanguka. Hata hivyo huo ndio wakati wa joto kali na wa moto wa nyikani, na nyasi zilizokauka haziwapi nafasi waliolala kati yake. Atakayekwenda miezi hiyo achague mahali palipokwisha kuungua au palipo wazi kabisa.

Hatua ya pili: chagua aina ya msitu

Neno msitu hubeba vitu vingi huku kwetu, na kila aina ina tabia zake.

Vichaka vya miiba vya Bahi, Chamwino na viunga vya Dodoma viko karibu na havihitaji safari ndefu, lakini sehemu kubwa ya miti yake hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Anayekwenda Juni akitegemea kivuli cha huko atakuta matawi matupu na miiba chini. Mahali hapo panafaa kwa usiku mmoja wa kuwazoesha watoto, si kwa likizo.

Miombo ndiyo inayofaa zaidi kwa familia. Huu ni msitu wa mtundu, myombo, mninga na jamaa zao; miti husimama kwa kuachana, sakafu yake ina nyasi na nafasi ya kutembea, na majani hubaki mtini hadi kiangazi kikiwa kimeendelea sana. Miombo ipo kwenye milima ya Chenene kaskazini mwa Dodoma, kwenye sehemu kubwa ya Kondoa, na magharibi kuelekea Manyoni.

Kwa anayeanza ningetaja Kolo, kijiji cha Kondoa kilicho kiasi cha kilomita 180 kutoka Dodoma kwa barabara ya lami iendayo Babati. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na kwa sababu hiyo pana ofisi ya mambo ya kale, waongozaji waliozoea wageni, na wenyeji wasioshangaa kuona hema. Watoto nao hupata jambo la kufanya mchana zaidi ya kukimbizana. Lakini msitu wa Kondoa unahitaji kueleweka. Ardhi yake iliharibiwa vibaya na mmomonyoko, hadi Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyochakaa zaidi. Miti ilirudi, na leo macho huona kijani tu. Makorongo hayakuziba: yapo chini ya kijani hicho, mengine yakiwa na kuta za wima zinazozidi urefu wa mtu, na mtoto anayekimbia haoni ukingo mpaka amefika. Katika Kondoa, kwa hiyo, swali la umbali kutoka korongoni linatangulia mengine yote.

Milima ya Kiboriani na Rubeho, upande wa Mpwapwa, ina hewa baridi na unyevu zaidi. Inawafaa wenye watoto wakubwa wanaopenda kupanda, kwa sababu sehemu tambarare za kuweka hema ni chache na njia ni za mwinuko. Vichaka vya Itigi, kwa upande mwingine, ni hazina kwa wataalamu wa mimea, lakini vimesongamana kiasi kwamba hakuna mahali pa kusimamisha hema bila kukata miti, na mtu mzima akiingia hatua chache hupoteza mwelekeo. Visifikiriwe.

Ipo pia misitu inayosimamiwa na vijiji vyenyewe, na hapa Kanda ya Kati ina historia ya kujivunia: Duru-Haitemba huko Babati na Mgori huko Singida ni miongoni mwa misitu ya kwanza nchini kuwekwa chini ya uangalizi wa vijiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Faida yake kwa mpiga kambi ni kwamba pana kamati, pana walinzi wa msitu wanaojua kila chemchemi, na pana mtu wa kumwuliza.

Mapori ya akiba ya Swagaswaga, Mkungunero, Muhesi, Kizigo na Rungwa ni jambo jingine kabisa. Huko ni nchi ya tembo, simba na fisi, na hakuna mwenye akili timamu anayejichagulia mahali pa kulala na watoto bila kibali na askari wa wanyamapori. Bwawa la Mtera nalo huwavutia wengi kwa sababu liko kando ya barabara ya Iringa, ila lina mamba na viboko. Kama utalala upande huo, lala mbali na ukingo, na maji yatazamwe kwa macho tu.

Hatua ya tatu: mtafute mwenye msitu

Hakuna msitu usio na mwenyewe. Msitu wa hifadhi wa Serikali Kuu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kibali hutolewa na ofisi yake ya wilaya. Pori la akiba liko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Msitu ulio kwenye ardhi ya kijiji, ambao ndio utakaokutana nao mara nyingi, unasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Hapo unaanza kwa mtendaji wa kijiji, unapelekwa kwa mwenyekiti, na kama kuna kamati ya maliasili, nayo inataarifiwa. Chukua vitambulisho, andika majina ya wote mtakaolala na tarehe za kuingia na kutoka, na kama kuna ada, omba stakabadhi.

Wapo wanaoona hatua hii kuwa ni usumbufu wa makaratasi. Mimi naiona kuwa ndiyo bima ya kwanza ya kambi. Wageni wasiojulikana, wenye gari na tochi zinazozunguka usiku kwenye msitu wa kijiji, hudhaniwa kuwa wavuna magogo au wezi wa mifugo, na sungusungu wakija usiku wa manane hawaji kwa mazungumzo. Kijiji kikijua mpo, kitawaletea hata habari za tembo waliopita jana.

Hatua ya nne: uliza kabla ya kutazama

Ukiwa umepata ruhusa, omba mtu wa kukutembeza, na malipo yake myakubaliane mapema. Mzee anayechunga au mfuga nyuki anafaa kuliko kijana wa bodaboda, ingawa kijana ndiye atakayejitokeza wa kwanza. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, usimwulize kama mahali ni pazuri, kwa kuwa atakuridhisha kwa kusema ndiyo. Mwulize mambo yanayojibika: Mzee, mvua kubwa ikinyesha, maji hupita wapi? Ng'ombe hunyweshwa wapi, na hupita njia gani asubuhi na jioni? Mizinga ya nyuki imetundikwa upande gani? Fisi huonekana? Mwaka jana moto uliungua kutoka wapi kwenda wapi? Je, kuna mahali ambapo hapakaliwi kwa sababu ya matambiko? Swali hili la mwisho si la adabu tu. Mungumi wa Kolo, kwa mfano, ni pango lenye michoro na ni mahali pa matambiko pia, na anayeweka jiko karibu na mahali kama hapo huwakosea wenyeji, na moshi wake huiharibu michoro iliyovumilia karne nyingi.

Kama unaweza, fanya ukaguzi huu siku tofauti na siku ya safari, bila watoto. Kama huwezi, basi fika na familia kijijini kabla ya saa nane mchana. Anayefika saa kumi na moja jioni hachagui tena mahali, hupokea popote gari lilipoishia.

Hatua ya tano: soma njia ya maji

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko kwingine kote, hata kama unakwenda kiangazi, kwa sababu alama zilezile zinazoonyesha maji hupita wapi ndizo zinazoonyesha pia ardhi ngumu, baridi na utulivu viko wapi.

Anza na mito ya mchanga. Kitanda cha mto wa msimu huwavutia sana wageni: ni tambarare, laini, hakina miiba, na kimezungukwa na mikuyu yenye kivuli. Usilale humo, wala kwenye ukingo wake wa chini, kuanzia Novemba hadi Mei. Mto kama Bubu hukusanya maji kutoka nyanda za Kondoa na kuyapeleka hadi kwenye mbuga ya Bahi. Mvua inaweza kunyesha mbali, juu kabisa, wakati juu ya hema lako nyota zinaonekana, na maji yakafika usiku bila wingu wala ngurumo ya kukuonya. Ndiyo sababu nilisema utabiri wa wilaya za juu usomwe pia. Reli ya Kati yenyewe, iliyojengwa kwa chuma na mawe, ilisombwa kati ya Kilosa na Gulwe na mafuriko ya msimu wa 2009 na 2010. Kamba za hema hazitafanya zaidi.

Tazama takataka za maji. Majani makavu, vijiti na mabua yaliyonasa kwenye matawi ya vichaka, yote yakielekea upande mmoja, ni alama ya kimo cha mafuriko yaliyopita. Kama yamenasa usawa wa kiuno chako, panda juu hadi uyaache chini kabisa, kisha upande tena kidogo. Tazama pia ukingo wa korongo. Ufa ulio sambamba na ukingo, au miti iliyoinamia shimoni ikiwa na mizizi hewani, unaonyesha kwamba ukuta unaendelea kubomoka; simamisha hema mbali kiasi ambacho mtoto hawezi kufika ukingoni kabla hujamwita, na kwa familia yenye watoto wa chini ya miaka saba ningesema korongo lisionekane kabisa kutoka kambini.

Chini ya mlima mkubwa angalia jambo la ziada. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mdomo wa bonde linaloshuka kutoka mlimani, hasa penye mawe makubwa yaliyotawanyika kwenye uwanda kama yaliyomwagwa, si mahali pa kulala msimu wa mvua, hata kama mawe hayo yameota kuvu na yanaonekana kuwa hapo tangu enzi za mababu.

Sasa geukia udongo. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka nyufa wakati wa kiangazi na huwa gundi wakati wa mvua. Gari likinasa humo hutolewa kwa trekta. Udongo mwekundu wenye mchanga hupitisha maji vizuri. Jaribio lake ni rahisi: mwaga kikombe cha maji juu ya ardhi. Yakizama taratibu mahali yalipoangukia, pamefaa. Yakikimbia, fuata yanakokwenda, kwa maana mvua itafuata njia hiyohiyo. Yakituama, hapo patakuwa dimbwi. Kisha piga kigingi kimoja. Sehemu nyingi za Kondoa na Chenene zina mwamba vidole vichache chini ya udongo, na ni heri kulijua hilo kabla ya kushusha mizigo.

Mahali ninapopendekeza kwa kawaida ni theluthi ya kati ya mteremko mdogo. Kileleni upepo na radi vitawasumbua, na bondeni hewa ya baridi hushuka na kutulia usiku wa Juni na Julai hata ukahisi tofauti kwa kutembea hatua chache tu. Mteremko mdogo hauna ubaya, mradi wote walale vichwa vikiwa upande wa juu.

Hatua ya sita: chagua mti, lakini usilale chini yake

Mbuyu ndio mti unaowavuta watu wa Dodoma, na kwa picha hauna mpinzani. Kwa kambi una kasoro tatu. Kiangazi chote hauna majani, kwa hiyo kivuli chake cha Juni ni cha shina tu. Mashimo yake hupendwa na nyuki. Na mabuyu yenyewe, yakiwa yamekomaa, huanguka kutoka juu yakiwa magumu kama mawe. Piga picha hapo, kisha nenda kwingine.

Mkwaju hukaa na majani karibu mwaka mzima na kivuli chake ni kizito, nao ndio chaguo langu pale unapopatikana. Mkuyu una kivuli kizuri pia, ila hukaa mtoni, na matunda yake yakiwa yameiva huleta nyani na tumbili ambao hawatofautishi kuyu na mkate wako. Katika miombo, mtundu mzima wenye majani unatosha.

Chagua mti kwa kutazama juu kwanza. Matawi makavu, gome lililobanduka, uyoga wa kwenye shina, au sauti ya uwazi unapoligonga, vyote ni sababu ya kuondoka. Hata mti wenye afya hudondosha tawi, kwa hiyo hema likae nje ya upeo wa matawi na lipokee kivuli kinachomwagikia pembeni. Hapo inabidi kujua jua linapita wapi. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta: Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini na kivuli huangukia kusini mwa mti, na Desemba huwa kinyume chake, ingawa kivuli cha adhuhuri cha Desemba ni kifupi. Asubuhi kivuli kiko magharibi, na alasiri kiko mashariki. Mwezi wa Juni, basi, hema likiwa mashariki au kusini-mashariki mwa mti litapata jua la asubuhi la kukausha umande na kuwapasha moto watoto, na kuanzia alasiri litakuwa kivulini. Kwa kuwa upepo nao hutoka upande huohuo wa mashariki, tafuta kichaka kifupi au jabali la kuukinga mbele ya hema.

Hatua ya saba: kagua wenyeji wengine wa mahali hapo

Zunguka eneo lote kwa miguu, polepole, kwenye duara la hatua hamsini hivi. Kichuguu, hata kilichokufa, ni nyumba ya nyoka mara nyingi, na mchwa wa kichuguu kilicho hai watatafuna turubai la chini kabla ya siku ya tatu. Rundo la mawe na gogo lililolala ni makao ya kifutu na nge. Usiyaondoe, ondoka wewe. Njia nyembamba iliyosafishika yenye kinyesi cha ng'ombe itakuletea mifugo, vumbi na kupe kila alfajiri. Kinyesi kikubwa cha duara chenye nyuzi za magome ni cha tembo, na kama ni kibichi, mwongozaji wako akuonyeshe mahali pengine kabisa, si hatua mia mbele.

Mizinga ya nyuki hutundikwa mitini kwa wingi katika Kondoa na Manyoni. Kaa nayo mbali kiasi cha mita mia mbili au zaidi, na usiwashe jenereta wala usitumie manukato makali kambini. Katika miombo ya magharibi kuna mbung'o pia. Wao huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ambazo ndizo hutumiwa kwenye mitego ya kuwanasa, hivyo turubai la bluu, lile linalouzwa kila duka la vifaa, halifai huko, wala suruali nyeusi. Wakikuuma watatu ndani ya robo saa wakati wa ukaguzi, mahali hapo hapafai kwa watoto.

Hatua ya nane: maji ya kunywa

Usichague kambi kwa kutegemea maji ya hapo. Beba yako. Mimi huhesabu lita kumi kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa, maana yake familia ya watu watano humaliza madumu mawili na nusu ya lita 20 kila siku. Maji ya visima vya mchangani yanachemshwa bila mjadala, na kisima kisifanywe mahali pa kuogea, kwa kuwa kina wenyewe. Katika mabwawa na madimbwi yaliyotuama watoto wasiingie hata kwa miguu, kwa sababu ya kichocho.

Hatua ya tisa: njia ya kutokea

Pima muda wa kutoka kambini hadi kituo cha afya au hospitali kwa gari, mchana. Ukizidi saa moja, mahali hapo pawaachiwe watu wazima. Si kila zahanati ina dawa ya sumu ya nyoka, kwa hiyo piga simu au pita kuuliza njiani, iwe ni Kondoa, Mpwapwa au Manyoni. Tafuta pia mahali penye mtandao wa simu na uwaonyeshe wote wenye umri wa kutumia simu. Namba za dharura ni 112 kwa polisi na 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Gari liegeshwe uso ukielekea barabarani, na pasiwe na korongo la kuvuka kati yake na barabara kama ni msimu wa mvua.

Hatua ya kumi: gawanya eneo kabla ya kushusha mizigo

Kwa kuwa upepo hutoka kusini-mashariki, mahema yatangulie upande huo, milango ikiwa imegeuzwa kaskazini-magharibi, na jiko liwe upande wa pili, nje ya matawi, ili cheche ziruke kutoka kwenye mahema na si kuyaelekea. Fyeka na kufagia nyasi kuzunguka jiko kwa mita tatu kila upande, na dumu moja la maji likae hapo bila kuguswa. Jiko la gesi ni bora kuliko kuni. Kama ni kuni, ziwe zile zilizokauka na kuanguka zenyewe, na uulize kwanza, kwani kwenye hifadhi hata hizo zina utaratibu wake.

Choo kichimbwe upande wa chini wa mteremko, kina cha nusu mita, angalau mita sitini kutoka korongo au kisima chochote, na njia yake ifungwe kamba ya kushika usiku. Chakula chote, pamoja na sufuria chafu, kilale ndani ya gari kwa sababu ya fisi na nyani. Takataka zirudi mjini. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo chukua kiroba au ndoo yenye kifuniko. Mwisho, watembeze watoto kwenye mpaka wa kambi na uuwekee alama kwa vitambaa vyeupe vilivyofungwa mitini, kisha uwaambie wakuonyeshe wao wenyewe mpaka unaishia wapi. Kama mmoja wao anashindwa kuuonyesha, usogeze karibu na mahema na uutembee naye tena kabla giza halijaingia.